Magadi Yasiyoachilia Ulimi

Mama yangu hamezi punje ya mahindi. Naanza na hilo ili usije ukacheka huko mbele halafu unilaumu kwamba sikukwambia. Uji anameza, supu iliyochujwa anameza, viazi vilivyopondwa hadi vikasahau kwamba viliwahi kuwa viazi anameza. Punje, hapana. Na huyu alikuwa mwanamke ambaye ukimwekea githeri mezani, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, huwezi kumwondoa pale hata kwa amri ya chifu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa unyenyekevu. Mimi nasema kwa sababu ploti nzima ya wapangaji inajua. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata gredi ambayo mwalimu mkuu aliisoma kwa sauti ya matangani, nikajifunza kushona, na tangu hapo cherehani yangu iko sebuleni kando ya dirisha, hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Nashona sare za shule. Mke wangu ndiye huamka alfajiri akaenda kiwandani upande wa Athi River. Yeye pia hushona, ila yeye anashonea watu wa ng'ambo, na mimi nashonea watoto wanaotembea kwa magoti hadi suruali inatoboka. Watu wakiniuliza mbona sitoki, nawaambia Kitengela yenyewe hunijia: vumbi linaingia bila kubisha, harufu ya mbuzi inalifuata, na ng'ombe wakipitishwa kwenda sokoni wananichungulia dirishani kama wateja wasio na haraka.

Mama alikuja kukaa nasi kutoka Murang'a baada ya baba kufariki. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, kwa hivyo nimebeba jina la baba yake, na kwa desturi yetu ananiita "baba." Usidhani ni heshima. Mtu akikuita baba, ni vile anataka kukutuma vizuri.

"Baba, toa hizo suruali kwa meza tule."

"Baba, jua limetoka. Si nawe utoke kidogo, watu wasidhani nilikuja huku kuuguza mgonjwa."

Kitu kilichomuudhi Kitengela kilikuwa maji. Maji yetu hutoka visimani, yana chumvi, na hiyo chumvi ina kichwa kigumu. Maharagwe yanaweza kuchemka tangu asubuhi hadi gesi ilie, na bado ukiyatupa ukutani yatarudi. Ndiyo maana hapa kila jiko lina magadi. Unatia kiasi kidogo kwenye sufuria, mahindi yanalainika, maharagwe yanakubali yaishe, na gesi inabaki ya kupikia chai. Magadi yenyewe yanachimbwa ziwani, kaunti hii hii yetu, na mama alipoambiwa hivyo alifurahi kama mlevi aliyehamia karibu na kiwanda cha bia.

"Kumbe huku kwenu mna kitu kimoja kizuri," alisema. "Nilidhani ni vumbi peke yake."

Na magadi alikuwa anayajua. Kabla ya kuyatia kwenye sufuria alikuwa anayaonja. Alifundishwa hivyo na mama yake, kwa sababu magadi hayafanani: mengine ni makali, mengine yamechanganywa na udongo, mengine yamelala sana na yamekufa nguvu. Alikuwa akilowesha kidole, anagusa, anaweka kwenye ncha ya ulimi, anafunga macho. Halafu anatoa hukumu.

"Magadi mazuri yanakuuma kidogo, halafu yanakuachilia," alikuwa akisema. "Yasipokuuma, umeuziwa mchanga."

Mke wangu alikuwa anamcheka. "Mama, wewe unafaa uajiriwe na serikali."

"Serikali haina pesa ya kulipa ulimi kama huu."

Tulikuwa tunatania. Nikifikiria sasa, naona tulikuwa tunasema ukweli mtupu. Katika mtaa wetu, ulimi wa mama yangu ndio ulikuwa ofisi pekee ya viwango.

Duka tunalonunulia liko chini ya ploti yetu, mlango wa kwanza ukitokea kwenye lango. Mwenyewe ni mama mmoja kutoka Ukambani, mkarimu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuja kuwa rafiki wa mama yangu kuliko mimi mwenyewe. Mama alikuwa anamwita mwaitu, yaani mama kwa lugha yao, na huyo mama duka akimwita shosho, yaani nyanya, na wakikaa kwenye benchi pale nje walikuwa wanatukanana kwa mapenzi: Wakamba hivi, Wakikuyu vile, nani anapenda pesa, nani anapenda uchawi. Kanisani walikaa benchi moja.

Duka lake ni la kupimiwa. Watu wa ploti hawanunui paketi. Wananunua kile kinachotosha leo. Sukari ya chai ya jioni, mafuta ya mboga moja, sabuni ya kufua nguo za siku moja. Mama duka anafungua paketi kubwa au gunia, anamimina kwenye ndoo, kisha anakupimia kwa kijiko na kufunga. Zamani alikuwa anafunga kwa zile juala nyembamba zinazoonyesha, unaona umenunua nini. Serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, na kwa hilo haikucheza, watu walishikwa. Basi mama duka akahamia karatasi. Alikuwa ananunua madaftari yaliyokwisha kutoka kwa watoto wa shule, anachana kurasa, anakunja pembe tatu, anafunga kwa juu. Ukifika nyumbani unafungua sukari yako kwenye somo la Sayansi.

Halafu vikundi vya akina mama vikaanza biashara ya sabuni ya maji. Kila kona ya Kitengela ikawa na mtu anayechanganya sabuni kwenye pipa na kuipaka rangi ya kijani. Wakahitaji vitu vya kuchanganyia, na mama duka, ambaye hakuna pesa inayompita mlangoni bila kusalimiwa, akaviingiza. Kati ya hivyo kulikuwa na kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni na kuzibulia sinki. Iko kama vipande vyembamba vyeupe. Ilikuja kwa pipa kubwa la bluu lenye lebo ya fuvu na mifupa, maandishi madogo, onyo kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine ambayo hakuna mtu hapa mtaani aliwahi kuisikia. Pipa likakaa nyuma ya pazia. Lakini huwezi kumpimia mtu kijiko kutoka kwa pipa kila saa, kwa hivyo akatoa kiasi akaweka kwenye ndoo, mbele, chini ya kaunta. Kando ya ndoo ya magadi.

Ndoo zote mbili zilikuwa za mafuta ya kupikia. Zile nyeupe zenye mfuniko, ambazo mafuta yakiisha hakuna mama wa Kenya anayezitupa. Na mtu asinidanganye kwamba hazikuwa na lebo. Zilikuwa nazo. Zote mbili zilisema ni mafuta ya kupikia.

Ilikuwa Jumamosi. Githeri ilikuwa motoni, na mama alikuwa ameishiwa magadi. Nilitaka kwenda, kwa maana ya kwamba nilitamka neno "nitaenda" nikiwa nimekaa.

"Wewe baki na suruali zako," akasema. "Ukitumwa magadi utaleta chumvi. Tena utasalimia watu hadi jioni, si umekaa wiki nzima bila kuona mtu."

Akashuka. Nikasikia wakichekana na mama duka pale chini, sauti zikipanda kama moshi.

"Shosho, leo niko na ile nyeupe, imepondwa. Hakuna mawe."

"Nyeupe hivi? Hii magadi inaenda harusi?"

"Si ujaribu kwanza, halafu utanitukana."

Alirudi na kikaratasi chake, akakifungua mezani kando ya cherehani, mbele yangu. Niliona vipande vyeupe vikimetameta. Mama alikunja uso. Hakuamini weupe ule, na kwa sababu hakuuamini, akafanya kile ambacho amefanya maisha yake yote akishuku kitu: akalowesha kidole, akagusa, akaweka kwenye ulimi, akafunga macho.

Nilikuwa nimeinua kichwa nisikie hukumu.

Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza. Macho yakafunguka, yakaniangalia kama yananiuliza kitu, na mama yangu, ambaye amelelewa kwamba mtu mzima hatemi mate ndani ya nyumba mbele ya chakula, akameza.

"Baba," akasema. "Haiachilii."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema kwa sauti yake ya zamani.

Nilimpa maji. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba na ulimi ukawa na rangi ya maziwa yaliyoganda. Nilimbeba kushuka ngazi, mimi mtu ambaye hupumua kwa shida nikibeba roli la kitambaa, na mama duka alipotuona akaacha duka wazi akaja nasi na shuka begani mwake. Hakuna aliyejua kilichotokea. Tulidhani ni moyo, tulidhani ni nyoka, mtu mmoja langoni akadhani ni mapepo akaanza kuomba.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa msichana mdogo asiye na maneno mengi. "Amekula nini?"

"Magadi," nikasema.

"Magadi haifanyi hivi. Kopo liko wapi? Lebo inasema nini?"

Nilikuwa nimekibeba kile kikaratasi mfukoni. Nikakitoa. Kilikuwa kimeanza kutoa jasho, kimelowa, kinateleza, na magadi ninayoyajua mimi hayatoi jasho. Daktari alikipokea kwa glavu, akakifungua taratibu, akatafuta jina la sumu iliyokuwa ndani ya koo la mama yangu. Alipata hesabu za kugawanya za mtoto wa darasa la nne. Zote mwalimu alikuwa ameziweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Daktari akageuza upande wa pili. Huko nako kulikuwa na kugawanya.

"Mnauziwa vitu hivi?" akauliza.

Mama duka alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameviona vile vipande.

Alituambia yote pale pale kwenye korido, akiwa amekaa sakafuni na shuka kichwani. Ndoo alikuwa akizitambua kwa mifuniko, na mifuniko ilikuwa imebadilishana. Alikuwa amepimia watu wa sabuni asubuhi, akapimia magadi, akafunika haraka.

"Na kijiko?" nikamuuliza. "Ni kijiko kimoja?"

"Kijiko ni kimoja, ndugu yangu. Duka yote iko na kijiko moja."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu hasa. Lakini alikuwa amekaa pale sakafuni na duka lake liko wazi Noonkopir watu wakijichukulia mkate, na hakuuliza hata mara moja kuhusu duka.

Nitaeleza kilichotokea kwa koo la mama kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya fundi wa nguo. Bomba la chakula liliungua ndani. Lilipopona lilipona kwa kovu, na kovu hujikunja, kama kitambaa cha bei rahisi kikioshwa kwa maji moto. Likawa jembamba. Kila baada ya muda ilibidi tumpeleke hospitali kubwa Nairobi, alazwe, waingize bomba, walipanue. Anarudi akimeza vizuri kidogo, tunafurahi, halafu linajikunja tena. Sauti yake ilirudi ikiwa mnong'ono wenye mikwaruzo. Daktari alituambia mapema: kama kovu litatulia, huenda siku moja akala chakula kigumu. Kama halitatulia, basi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yetu. Sio pesa, sio mahakama. Mama alitaka kumeza githeri kabla ya kufa. Aliniambia hivyo akiwa bado kitandani hospitalini, kwa mnong'ono, huku akinyoosha kidole kwa trei ya uji.

"Nikifa na uji kwa tumbo, baba, nitarudi niwasumbue."

Mimi nikataka kumshtaki mtu. Nikasema kwa sauti, nikitembea sebuleni kutoka cherehani hadi mlangoni, safari yangu ndefu kwa kawaida. Mama akapiga meza kwa kiganja.

"Usimguse mwaitu. Huyo alikosea kijiko. Nenda kwa wale wanaolipwa kuangalia ndoo."

Basi mimi, mtu wa nyumbani, nikavaa koti la harusi yangu na kwenda Kajiado mjini. Mke wangu alinipiga picha kabla sijatoka, akasema ni ushahidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira njia nzima. Nilifika nikakuta ofisi tulivu, madirisha wazi, upepo ukipeperusha kalenda, na afisa mmoja mpole mno, wa kile cheo ambacho kazi yake ni kukusikiliza hadi uishiwe na maneno. Nilimweleza. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kisha akauliza:

"Sasa hii kitu, mzee, ni chakula ama ni kemikali?"

"Ndiyo ninauliza, mkubwa."

"Kwa sababu kama ni chakula, hiyo ni watu wa afya, mlango ule pale. Kama ni kemikali, hiyo haiko kwetu, hiyo ni Nairobi."

"Alidhani ananunua chakula, akapewa kemikali."

Akafikiri. Nasema kweli, alifikiri, niliona ikimsumbua. "Hapo katikati," akasema mwishowe, "hakuna mtu anakaa."

"Na lebo? Si kuna sheria ya lebo?"

"Iko. Kali sana hata. Kampuni haiwezi kuuza hiyo pipa bila lebo. Ilikuwa na lebo?"

"Pipa lilikuwa nayo."

"Basi sheria ilifuatwa."

"Lakini mama hakununua pipa. Alinunua kijiko."

Alinitazama kwa macho ya mtu mwenye mama. "Sheria ya kijiko," akasema, "hatuna."

Nilienda mlango ule pale. Mlango ule pale ulinielekeza kwa mlango mwingine, na ule mwingine ulikuwa wa yule afisa wa kwanza. Tukacheka pamoja, mimi na yeye, kicheko kibaya. Akaniahidi kwamba watatuma watu wakague duka. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana. Koti nililivua polepole ili majirani walione.

Wakati huo mama duka alikuwa ameshajitungia sheria yake mwenyewe. Alikuwa amehamisha kostiki soda hadi rafu ya juu upande wa pili, akanunua kijiko cha pili, akakifunga uzi mwekundu. Na akafanya jambo moja la busara kuliko yote niliyoyasikia katika habari hii nzima: akarudia zile juala za zamani zinazoonyesha. Alikuwa amezitoa mahali anapopajua yeye, akazificha chini ya kaunta, na chochote cheupe, iwe magadi, chumvi, unga wa kuokea au hiyo kemikali, alifunga humo. "Ili mtu aone kwa macho yake," alimwambia mama yangu. "Shosho, mimi sitaki mtu aonje tena."

Wakaguzi wakaja. Walikuja na gari na makoti ya kung'aa, na mtaa mzima ukasimama kutazama, nami nikashuka ngazi kwa hiari yangu, jambo ambalo lilizua mazungumzo peke yake. Nilitaka kuona haki kwa macho.

Waliomba kuona pipa. Mama duka akafungua pazia. Mkaguzi mkubwa akainama, akawasha tochi ya simu, akasoma. "Lebo iko," akasema. "Jina iko, onyo iko, fuvu iko. Hii iko sawa." Mwenzake akapiga picha fuvu.

"Na hizi ndoo?" nikauliza kutoka mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi nililalamika."

"Ndoo ni chombo cha duka, mzee. Hatukagui vyombo."

Nilikuwa nafungua mdomo niseme habari ya kijiko wakati yule mdogo alipoingiza mkono chini ya kaunta. Akauvuta nje umejaa juala.

Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kazini. Hapo sasa palikuwa na sheria, tena sheria inayojulikana, yenye mlango wake na mtu anayekaa. Waliweka juala zote kwenye gunia, wakamwandikia, wakamwambia apande gari. Alifunga duka. Alipopita mbele yangu hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Ndugu yangu," alisema tu, "si ungewaambia kwanza ni za nini."

Nilisema. Nilikimbia kando ya gari nikisema, suruali ya nyumbani, sindano bado zimechomekwa kifuani. Yule mkaguzi mkubwa aliteremsha kioo kwa adabu, akaniambia nia nzuri haibadilishi plastiki.

Mama alikuwa ametazama yote kutoka dirishani, penye cherehani. Niliporudi juu alinong'ona, "Nilikutuma wakague ndoo. Wamemkagua mwaitu."

Mama duka alirudi kesho yake jioni, amekonda kwa siku moja. Akarudia karatasi. Kurasa za madaftari, pembe tatu, kukunja juu. Na wiki ile ile wakaguzi hao hao walionekana wakinunua soda mtaani, wakamsalimia kwa jina la duka, wakamwuliza biashara iko aje.

Ndipo nikapata wazo langu, na wazo la mtu wa nyumbani ni jambo la kuogopwa kwa sababu limekuwa na muda mrefu wa kukua. Nilikuwa na kalamu ya wino mzito ya kuchorea vipimo kwenye kitambaa. Nikashuka dukani kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, nikakaa kwenye benchi alilokuwa akikaa mama, na nikaandika juu ya kila kikaratasi cha kostiki soda: SUMU. SI YA KULA. INAUNGUZA. Nikachora na fuvu, ingawa mafuvu yangu yalitoka kama mtu anayecheka. Mama aliposikia, akacheka hadi akakohoa.

"Hatimaye serikali imefika Noonkopir," alinong'ona. "Na imevaa malapa."

Nilijivunia. Watoto waliokuja dukani walisoma kwa sauti. Kwa muda mfupi kulikuwa na mahali duniani ambapo kijiko kilikuwa na lebo.

Halafu mama duka akaja juu, akabisha hodi, akakataa kuketi.

"Ndugu yangu, usikasirike. Hizo zimeandikwa hazinunuliwi."

"Vipi?"

"Akina mama wa sabuni wanasema wakiona SUMU wanaogopa, na wateja wao wakiona watasema sabuni yao iko na sumu. Wameenda kwa yule wa kule chini karibu na bucha. Yeye haandiki kitu." Aliangalia sakafu. "Na hata magadi wananunua huko. Wanasema kama kwangu kuna sumu, basi vitu vyote viko na sumu. Niko na watoto, ndugu yangu. Nitafanya aje?"

Nikamwambia naelewa. Nilikuwa naelewa, hilo ndilo baya. Nikafunika kalamu yangu. Yule wa karibu na bucha, nilienda kumwona siku moja nikijifanya nanunua kitunguu. Ana ndoo zimepangwa chini, nyeupe zote, za mafuta ya kupikia. Nilimwambia habari ya mama yangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiko. "Pole sana, mzee," akasema. "Huyo mwanamke ni mzembe. Mimi nazijua zangu."

Mwezi uliopita tulimrudisha mama Nairobi. Daktari wa huko, mzee mwenye miwani, alituita kando mimi na mke wangu. Kovu limekuwa gumu. Watazidi kupanua ili uji upite, lakini chakula kigumu, alisema, tusimpe tumaini tena. Punje moja ya mahindi inaweza kukwama na kumwua.

Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumwambia taratibu. Alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Ni uji, si ndiyo?"

"Ni uji, mama."

Tulipofika nyumbani akamwambia mke wangu, "Pika githeri." Mke wangu akaniangalia. Nikainua mabega. Magadi tuliyakuta yameisha na hakuna aliyetaka kwenda kuyanunua, kwa hivyo ilichemka bila magadi, mchana kutwa, kwa maji yetu ya chumvi, hadi gesi ikawa karibu kuisha. Hata hivyo maharagwe yalibaki na ukaidi wao.

Tulipakua. Mama akaomba sahani yake. Nikamkatalia, akanitazama vile baba yake, ambaye jina lake nimelibeba, lazima aliwahi kumtazama mtu. Nikampa. Aliomba na kisahani kingine kitupu, akakiweka kando.

Akachukua kijiko, akajaza, akatia mdomoni. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yamefungwa, kama zamani akitoa hukumu ya magadi. Mimi na mke wangu tuliacha kula, mikono hewani, tukitazama koo lake, tukiliomba lisisogee. Halikusogea. Kisha mama yangu, ambaye hajawahi kutema mate ndani ya nyumba, aliyemeza moto mzima mbele yangu kwa sababu ya adabu, akainamia kile kisahani, akafunika mdomo kwa kiganja, akatema.

Akajifuta kwa pembe ya leso. Akajaza kijiko tena.

"Haijaiva," alinong'ona. "Kwani mlikosa magadi?"

Alitafuna, akatema, akatafuna, akatema, hadi sahani moja ikawa tupu na nyingine imejaa. Kisha akasukuma ile iliyojaa kuelekea kwangu, mbali na macho yake.

"Haya, baba," akasema. "Mwaga. Na uniletee uji."